UZI MAALUMU: Kwenda kuwaona gorila wa milimani kutokea Dar – vibali, sekta, njia, viatu

#1 Kisarawe_Juu
Wakuu, habari za jioni. Naomba tuweke mambo ya gorila sehemu moja, maana kila baada ya muda linafunguliwa bandiko jipya lenye swali lile lile na majibu ya nusu nusu.

Kikundi ni watu sita wa Dar. Watano Watanzania, mmoja raia wa India mwenye kibali cha ukaazi hapa nchini. Tunalenga Julai. Tunachotaka kujua: Bwindi au Rwanda? Bei halisi kwa Mtanzania? Basi au ndege? Mama mmoja ana miaka 61 na magoti yanamsumbua, atawezana? Na tununue nini hapa mjini kabla ya kuondoka? Wanaojua waseme, porojo zina jukwaa lake.

#2 Fundi_Ramani
Nianze na ramani, ndiyo inayoamua mengine yote.

Tanzania hatuna gorila wa porini. Walioko Gombe na Mahale ni sokwe, mnyama mwingine, mdogo zaidi na mwenye makelele zaidi. Gorila wa milimani wamebaki sehemu mbili tu duniani: safu ya volkano za Virunga, inayogawanywa na Rwanda, Uganda na Kongo, na msitu wa Bwindi kusini magharibi mwa Uganda, pamoja na kipande cha Sarambwe kilichoshikana nao upande wa Kongo. Sensa ya Virunga ya 2015–2016 ilihesabu 604, ya Bwindi ya 2018 ikahesabu 459. Ndiyo ile 1,063 mnayoiona inatajwa kila mahali.

Kwa mgeni milango ni minne. Kongo iacheni kwa sasa, eneo la gorila liko katikati ya vita. Mgahinga, Uganda, ni hifadhi ndogo yenye familia moja tu iliyozoeshwa watu, inaitwa Nyakagezi, hivyo nafasi ni nane kwa siku basi. Mnabaki na Bwindi na hifadhi ya Volcanoes ya Rwanda.

Tofauti ya ardhi: Bwindi haina kilele cha kupanda, ni makorongo na vigongo vya milima vinavyofuatana, kati ya mita 1,160 na 2,607, msitu mzito wenye mimea inayotambaa na matope. Volcanoes unaanzia kwenye mashamba ya viazi na pareto karibu mita 2,500, unavuka ukuta wa mawe wa kuzuia nyati, unaingia kwenye mianzi. Kule Rwanda uwazi ni mkubwa zaidi, picha zinatoka vizuri. Bwindi mnyama unaweza kuwa naye hatua chache na ukaona bega na sikio tu.

#3 MhasibuWaSafari
Bei sasa, maana hapa ndipo Watanzania wengi wanapojikatia tamaa bila sababu. Wanasoma mitandao ya Wazungu wanakuta dola 1,500 wanafunga ukurasa.

Uganda, kwa orodha ya bei iliyoanza Julai 2024: mgeni wa kutoka nje dola 800, mgeni mkaazi dola 700, raia wa nchi nyingine za Afrika dola 500, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki shilingi 300,000 za Uganda. Hiyo ya mwisho ndiyo yenu watano. Inacheza kwenye dola 80 na kitu.

Rwanda: bei kubwa ni dola 1,500 tangu Mei 2017. Baadaye wakaweka bei ya kanda: raia wa Afrika Mashariki dola 200, Waafrika wengine na wageni wanaoishi Afrika dola 500. Bei hizi hutolewa kwa vipindi, kwa hiyo ombeni ankara yenye tarehe yenu ya kupanda kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Ndugu yenu wa India: Uganda atalipa 700 akionyesha kibali cha ukaazi ambacho hakijaisha siku ya kupanda. Si siku ya kulipa, siku ya kupanda. Rwanda atalipa 500. Kwa kikundi chenu kwa ujumla Uganda bado ni nafuu, piga hesabu: watano kwa 80 na mmoja kwa 700 ni kama dola 1,100, Rwanda watano kwa 200 na mmoja kwa 500 ni dola 1,500.

#4 Binti_Mbagala
Laki tatu za Uganda kwa kibali?? Mbona wakala mmoja wa hapa mjini aliniambia dola 700 "bei ya Afrika Mashariki"?

#5 MhasibuWaSafari
Dada, huyo amekupa bei ya mgeni mkaazi. Wengine wanafanya makusudi: wananunua kwa bei ya raia, wanakuuzia kwa bei ya mkaazi, tofauti inabaki mfukoni. Dawa yake ni moja: dai nakala ya kibali chenyewe na stakabadhi ya hifadhi, si risiti ya wakala. Kibali cha kweli kina jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, uraia, namba ya pasipoti, tarehe, sekta, na kiasi kilicholipwa. Kama kiasi kwenye stakabadhi hakifanani na ulichotoa, unajua la kuuliza.

Ada ya wakala ipo na ni halali, ila iandikwe peke yake.

Na jina liangalieni herufi kwa herufi. Kitambulisho cha NIDA kina majina matatu, pasipoti wakati mwingine mawili. Tumieni la pasipoti. Asubuhi pale ofisini wanalinganisha karatasi na pasipoti halisi, mkononi. Picha ya pasipoti kwenye simu haikubaliki kwa bei ya raia.

Kununua wenyewe: Uganda ni kwa UWA, mamlaka ya wanyamapori, ofisi yao ya vibali iko Kira Road, Kampala. Rwanda ni kwa RDB, bodi yao ya maendeleo, kwa mtandao. Julai ni msimu wa juu. Anzeni kutafuta miezi mitano au sita kabla, hasa mkitaka wote sita muwe familia moja ya gorila. Kila familia inaruhusiwa wageni wanane tu kwa siku. Mkichelewa mtagawanywa wawili huku, wanne kule.

#6 Fundi_Ramani
Narudi kwenye jambo linaloharibu safari nyingi za Bwindi kuliko mvua: SEKTA, yaani upande wa msitu unaoingilia.

Bwindi ina malango manne. Buhoma iko kaskazini, ndiyo ya zamani, utalii ulianzia hapo 1993 na familia ya Mubare. Ruhija iko mashariki, ni ya juu na ya baridi zaidi. Rushaga iko kusini mashariki, ina familia nyingi kuliko nyingine, hivyo vibali hupatikana hapo wakati kwingine vimeisha. Nkuringo iko kusini magharibi, ukingoni mwa kigongo.

Kwenye ramani ya simu Buhoma na Nkuringo zinaonekana jirani. Kwa miguu ni kweli, kuna njia ya kuvuka msitu. Kwa gari unauzunguka msitu wote, masaa manne au zaidi, barabara ya vumbi yenye kona juu ya korongo. Mtu anapata kibali cha Rushaga, analipia chumba Buhoma kwa sababu kilikuwa na punguzo, halafu anagundua usiku wa kuamkia. Ataamka saa tisa usiku na bado anaweza kuchelewa.

Kanuni: kibali kwanza, kisha chumba kwenye sekta hiyo hiyo. Usilipe chumba kabla hujaona jina la sekta limeandikwa kwenye kibali.

Nkuringo ina jambo lake: unaanzia juu. Asubuhi unashuka kwenda bondeni ukiwa na nguvu, mchana unapanda kurudi ukiwa umechoka na jua limewaka. Watu wa magoti wasiende huko. Kushuka ndiko kunakoua goti, kupanda kunaua mapafu.

#7 Mzee_wa_Lumumba
Vijana, mmesahau saa.

Rwanda iko nyuma yetu saa moja. Uganda tuko sawa. Kuripoti Kinigi, kwenye ofisi ya hifadhi ya Rwanda, ni saa moja asubuhi ya Kigali, simu yako isiyobadilika ikiwa inasema saa mbili. Hiyo haina madhara, utawahi tu. Balaa liko kwa anayelala upande wa Rwanda halafu anavuka mpaka wa Cyanika kwenda kupanda Uganda: anaondoka saa kumi na moja alfajiri ya Kigali akidhani ana muda, kumbe Kisoro, mji wa upande wa Uganda, ni saa kumi na mbili, mpaka wenyewe hajauvuka, na maelezo ya asubuhi kwa wageni wa Rushaga yanaanza saa mbili. Lala Kisoro au Rushaga kwenyewe, usibahatishe mpaka asubuhi ya siku ya gorila.

Ukiagiza dereva, mwambie kwa saa za wapi. "Saa kumi na moja ya Uganda." Usiseme saa kumi na moja tu.

#8 Kisarawe_Juu
Shikamoo mzee, hilo hakuna aliyeliwaza. Sasa njia: basi la kutoka Magufuli pale Mbezi linafaa?

#9 Dereva_wa_Kanda
Linafaa kwa mwenye muda. Mabasi ya Kigali hupita Rusumo, ya Kampala hupita Mutukula. Kwa namna yoyote hesabuni usiku njiani, na msiweke siku ya gorila kesho yake. Wekeni siku moja tupu katikati. Basi likiharibika Singida kibali hakikusubiri.

Kwa Bwindi ya kusini (Rushaga, Nkuringo) kutokea Dar, njia fupi ni Kigali, si Kampala. Ndege ya Dar–Kigali, kisha gari mpaka Musanze, Cyanika, Kisoro. Kampala hadi Bwindi ni kutwa nzima, masaa nane mpaka kumi. Anayekwenda Buhoma ndiye Entebbe inamfaa, hasa akiwa na hela ya kandege kadogo ka kwenda Kihihi.

Mnaofikiria gari lenu: Rwanda wanaendesha kulia. Kadi halisi ya gari iwepo, na kama si jina lako, barua ya mwenye gari. Bima ya hapa haivuki mpaka, chukueni ile kadi ya njano ya kikanda kwa kampuni yenu ya bima kabla hamjatoka. Barabara za ndani Bwindi, hata kiangazi, gari dogo la chini linakwangua tumbo. Mvua ikinyesha usiku udongo wake unakuwa sabuni; kinachohitajika ni gari la kuvuta magurudumu yote na tairi zenye meno.

Jambo la Rwanda ambalo wengi hawaambiwi: kutoka ofisi ya hifadhi Kinigi hadi mahali pa kuanzia kupanda, hakuna basi la hifadhi. Lazima uwe na gari lako la juu. Bodaboda itakufikisha Kinigi kutoka Musanze, halafu unabaki umesimama unaomba lifti. Kodini gari Musanze jioni ya kabla. Mkiwa sita mnagawana.

#10 Nesi_Ilala
Makaratasi ya afya. Kadi ya homa ya manjano mnaihitaji mara mbili, kuingia Uganda na KURUDI Tanzania, kwa sababu Uganda ni nchi yenye ugonjwa huo. Sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka, ndipo cheti kinaanza kuhesabika. Kadi ya zamani yenye maandishi ya miaka 10 bado ni halali, tangu 2016 chanjo moja ni ya maisha. Msinunue kadi bila sindano, mnajua ninachosema.

Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita. Wenzetu wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kwa vitambulisho kati yao. Sisi NIDA haitoshi, ni pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria ya Uhamiaji. Kwa gorila ningesema pasipoti, inaondoa maswali.

Umri wa chini ni miaka 15. Kuna wanaojaribu kumpitisha mtoto wa 13 aliyerefuka. Pasipoti ina tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo atabaki ofisini na mzazi mmoja atabaki naye.

#11 Binti_Mbagala
Mama wa miaka 61 amesahauliwa jamani.

#12 Mpagazi_Mwenyeji
Hajasahaulika, dada. Umri si kizuizi, wapo wanaopanda na sabini. Hivi ndivyo inavyopangwa.

Rwanda familia hupangwa asubuhi ile ile, waongozaji wakiangalia nani ana nguvu. Mama aseme mapema, mbele ya mwongozaji, bila aibu: goti. Watampeleka familia iliyolala karibu. Uganda sekta umeshaichagua, lakini kwenye maelezo ya asubuhi mkuu wa zamu anaweza kubadilishana watu kati ya familia za sekta hiyo. Buhoma ndiyo huwa na njia za afadhali. Lakini gorila hawana ratiba. Familia iliyokuwa dakika arobaini jana, leo inaweza kuwa masaa matatu.

Mpagazi: chukueni kila mtu wake, hata kijana. Bei huwa dola 15 hadi 20, unalipia pale pale kwa zamu yao, na wengi ni wanavijiji wa jirani. Wengine kabla ya hapo walikuwa wakiingia msituni kutega. Kazi yake kubwa kwa mama haitakuwa begi. Ni mkono. Mama asimshike vidole, vidole vinateleza vikiwa na tope. Kila mmoja amshike mwenzake juu ya kifundo cha mkono, mshiko wa kufungana. Mama akiachia, mpagazi bado amemshika. Wakati wa kushuka mpagazi atangulie, awe chini yake, mguu wake umekaa pembeni kama ngazi. Kwa mama chukueni wapagazi wawili, mmoja mbele mmoja nyuma.

Hali ikiwa mbaya zaidi kuna machela ya kubebwa begani, wao wanatania kuiita helikopta. Wabebaji ni timu kubwa wanaopokezana, bei yake ni ya mamia ya dola, na inaagizwa kabla ya kuingia msituni. Mkingoja goti liishe mkiwa ndani, mtasubiri masaa mpaka timu ifike.

Mazoezi kwa wa Dar: tatizo letu ni tambarare. Kukimbia ufukweni Coco hakukuandai. Ngazi ndizo zinaandaa. Ghorofa kumi kupanda na kushuka kwa miguu, mara tatu kwa wiki, wiki sita, mkiwa na begi la kilo tano. Kushuka kusirukwe kwa lifti. Pugu inafaa kwa mwanzo. Kabla ya safari pandeni treni ya SGR mpaka Morogoro, mpande Morningside kwenye Uluguru, na viatu vile vile mtakavyovaa msituni.

#13 Karume_Viatu
Viatu ni idara yangu.

Buti za kupandia mlima za mitumba Karume zipo nzuri kuliko mpya za bei rahisi, ila jueni kukagua. Buti nyingi zina tabaka la povu gumu kati ya soli na ngozi. Likikaa stoo miaka mingi linaoza ndani kwa ndani hata kama kiatu hakijavaliwa: juu kinang'aa, chini ni biskuti. Kunja kiatu kwa nguvu mara mbili tatu, halafu bonyeza ubavu wa hilo povu kwa kucha ya dole gumba. Likirudi, sawa. Likibaki na alama, likitoa unga au nyufa nyembamba, weka chini hata kama ni bure. Soli ya namna hiyo inabanduka mzima mzima kwenye tope la kwanza la Bwindi, na ya pili inafuata ndani ya saa hiyo hiyo kwa sababu umri wao ni mmoja.

Saizi: jaribu ukiwa na soksi nene, jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Sukuma mguu mbele mpaka dole liguse. Nyuma ya kisigino kidole kimoja kipite. Kikibana pale, kwenye mteremko kucha za dole gumba zitageuka nyeusi. Wakati wa kushuka kaza kamba za juu kwenye kifundo, legeza za vidoleni.

Mabuti ya mpira? Wapagazi wanayavaa na yanazuia tope, lakini mguu wako unaelea ndani. Kama hujayazoea, hapana.

Chukua kamba za viatu za ziada na utepe mpana wa gundi, zungushia hata chupa ya maji ili usibebe roli zima.

Na jambo la mitumba: msinunue suruali wala koti la mabaka ya kijeshi. Uganda ni kosa kwa raia kuvaa, na mpakani hawana utani.

#14 Mpagazi_Mwenyeji
Naongezea mavazi maana Karume amemaliza chini. Jinzi acheni nyumbani. Ikilowa inakuwa nzito na haikauki. Suruali nyepesi ya kitambaa kigumu, ndefu, ichomekwe ndani ya soksi ndefu. Sababu ni siafu. Wakipanda ndani ya suruali utavua mbele za watu, hakuna namna nyingine, wanang'olewa mmoja mmoja kwa kubanwa kichwa. Ukiona mwongozaji anaruka-ruka ghafla kwenye njia, usiulize, kimbia mpaka upite eneo hilo ndipo usimame.

Glovu za kazi zenye kiganja cha mpira, za duka la vifaa vya ujenzi, zinatosha. Zinahitajika kwa majani yanayowasha, ambayo yanapenda kuota pale hasa unapotaka kushika usianguke. Koti la mvua hata Julai. Fulana na sweta jepesi, mtatoka Dar mna jasho na kule alfajiri mnatetemeka. Maji lita mbili kila mtu, chakula cha mchana cha kubeba. Fimbo mtapewa mlangoni.

Rambo (mifuko ya plastiki) msibebe, Rwanda watazichukua uwanjani. Nguo kavu zifungeni kwenye mfuko usiopitisha maji.

Hatua za msituni: kuna sehemu huwezi kukanyaga ardhi, unatembea juu ya mkeka wa mimea iliyolala, chini yake ni uwazi wa nusu mita au zaidi. Kanyaga alipokanyaga aliye mbele, juu ya shina si juu ya jani. Mguu ukizama usiuvute kwa nguvu, goti ndipo linapopinda. Kaa chini, kisha uutoe.

#15 Kisarawe_Juu
Asanteni sana. Na wanawapataje? Au ni kutembea tu mpaka mkutane?

#16 Tabibu_wa_Wanyama
Hapana, hakuna kubahatisha sana. Wafuatiliaji hutangulia alfajiri mpaka mahali familia ilipoachwa jana, na kutoka pale wanafuata mpaka kwenye viota vya usiku. Kila gorila hujenga kiota kipya kila jioni, isipokuwa mtoto anayenyonya, analala na mama yake. Wanahesabu viota, wanaangalia kinyesi kilichomo kwa ukubwa na hali yake, na wanajua kama wote wapo na kama kuna anayeharisha. Kisha wanafuata mabua yaliyovunjwa na kumenywa. Bua jipya bado linatoa maji. La jana limenyauka ncha. Taarifa inakuja kwa redio kwa mwongozaji wako.

Mkikaribia mtaambiwa muache mabegi, fimbo na chakula kwa wapagazi. Kamera na maji mfukoni basi. Barakoa inavaliwa hapo, chukueni mbili kila mtu maana ya kwanza italowa jasho. Muda wa kukaa nao ni saa moja tu, nao unaanza kuhesabiwa mkifika kwao, siyo mnapopata picha nzuri. Familia ikihama mnafuata na saa inaendelea.

Umbali unaotakiwa ni mita 10. Kiwango cha zamani kilikuwa saba. Gorila mwenyewe hajui hesabu hizo, watoto wanakuja. Hapo wewe ndiye unayerudi nyuma, polepole, usimguse hata akikushika kiatu.

Dume kuu la familia, lile la mgongo wa fedha, likija kwa kishindo: usikimbie. Inama, tazama chini, kaa nyuma ya mwongozaji. Mara nyingi ni vitisho, anapita pembeni au anasimama. Anayekimbia ndiye anayefukuzwa. Kwa kawaida kabla ya hapo atakuwa ametoa onyo, mguno mfupi mkavu kama kukohoa. Mguno mrefu wa chini, wa kutoka kooni, ni salama. Waongozaji huutoa wao pia kumwambia kwamba mmefika na hamna shari.

Kuhusu mafua niseme kwa ukali kidogo. Watu wanameza dawa za kukausha kamasi alfajiri ili wapite. Mwaka 2009 kule Rwanda kirusi cha binadamu cha njia ya hewa kilipita familia ya gorila ya Hirwa, jike mkubwa na mtoto mchanga wakafa. Mwaka 1996 Bwindi gorila waliugua upele unaofanana na wa watu wa maeneo ya jirani, mtoto akafa, Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa wanyama wa Uganda, ndiye aliyeushughulikia, na baadaye akaanzisha shirika linalotibu watu na wanyama kwa pamoja kwa sababu hiyo hiyo. Jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka minne hivi. Vifo viwili si jambo dogo kwa familia ya watu kumi na wawili. Mkiwa sita, mmoja akiwa na kikohozi, abaki hotelini.

Haja kubwa porini: mwambie mwongozaji, atachimba kwa panga shimo la sentimita 30, unafukia. Usiteme mate.

#17 Binti_Mbagala
"Familia ya watu kumi na wawili", daktari naye ameshawahesabu watu 😂

#18 Picha_na_Mwanga
Kamera kwa kifupi. Mweko uzimwe, na ile taa ndogo nyekundu inayosaidia kulenga gizani izimwe pia. Wengi wanazima mweko wanaisahau hiyo. Mnyama ni mweusi kwenye kijani kizito, kamera itadanganyika na kuufanya mwanga uwe mwingi mno, manyoya yanageuka kijivu. Punguza mwangaza kati ya theluthi mbili na hatua moja kamili. ISO 1600 kuendelea juu, kasi isishuke chini ya 1/250. Lenzi ya 70–200 inatosha, ya 400 ni ya kubeba bure kwa Bwindi. Kwa simu: gusa uso wa gorila kwenye kioo, kisha shusha mwangaza kwa kidole kabla ya kupiga. Droni msibebe kabisa.

Dakika kumi za mwisho wekeni simu mfukoni. Hiyo ni maoni, si kanuni.

#19 Jirani_wa_Kigali
Nyote mmepiga kampeni ya Uganda kwa bei. Nami niseme la Rwanda: Kigali hadi Musanze ni lami, masaa mawili. Mtu mwenye siku tatu tu za likizo, Ijumaa ndege, Jumamosi gorila, Jumapili yuko Dar. Bwindi kwa siku tatu ni kujitesa. Tofauti ya dola 120 kwa kila Mtanzania mnaila yote kwenye gari na usiku wa ziada.

#20 MhasibuWaSafari
Hoja ina mashiko kwa wawili. Kwa sita wanaogawana gari moja, Uganda bado inashinda, hasa mkipitia Kigali. Ila kwa mama mwenye goti na siku chache, ningelipa hiyo 200 bila kubishana.

#21 Kisarawe_Juu
Tumeelewana: Rwanda kwa mama na mwanaye, sisi wengine wanne Rushaga, Kigali tunafika pamoja. Swali la mwisho, fedha tubebe za aina gani?

#22 Dereva_wa_Kanda
Dola kwa wapagazi na bahshishi, noti ndogo za 5, 10 na 20, za karibuni, zisizo na mikunjo wala maandishi ya kalamu. Noti ya zamani au iliyochanika wanaikataa au wanaishusha thamani. Nunueni benki au duka la fedha hapa Dar wiki moja kabla, noti ndogo haziko kila siku. Shilingi yetu ukishapita mpaka na mji wa kwanza haina mnunuzi, kwa hiyo msibebe nyingi. Shilingi za Uganda mbadilishe Kisoro mjini asubuhi benki zikiwa wazi. Rushaga msitegemee mashine ya kutolea pesa.

Na huyo wa India: mkivuka Cyanika yeye anahitaji viza, nyinyi hamhitaji. Aombe mtandaoni mapema. Kuna viza moja ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda, dola 100, siku 90. Inafaa kwa sababu atatoka Rwanda aingie Uganda na kurudi Rwanda kupanda ndege. Tanzania haimo kwenye hiyo viza, kwa hiyo kibali chake cha ukaazi awe nacho mkononi wakati wa kurudi.